Alichokiona Kwenye Tochi

Sufuria la wali lilitangulia kuanguka, kisha akaanguka Zuena. Muhidini alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake la spea za pikipiki hapo Igawa, spana ya magurudumu mkononi, anamwangalia mkewe akivuka zebra kwenda kwenye kibanda chake cha chakula. Lori jeupe lilitokea upande wa Mbeya. Halikupiga honi. Lilimzoa Zuena, likamburuta hadi mbele ya kijiwe cha bodaboda, na liliposimama khanga yake ilikuwa imenasa kwenye bampa, naye yuko chini ya tairi la mbele, uso umegeukia upande ambao shingo ya mtu haigeuki.

Dereva alifungua mlango, akaruka, akatokomea kwenye mahindi ya kando ya barabara. Nani aliiona sura yake? Hakuna. Watu waliona mgongo tu, na jaketi jeusi.

"Ua! Ua huyo!" Aliyepaza sauti ya kwanza ni Ezekia, mwenyekiti wa bodaboda, mtu mwenye kifua cha kubebea magunia na hekima ya kutosha kikombe cha kahawa. Sauti moja ikawa ishirini. Mawe yaliokotwa, mtu akang'oa mti wa uzio, mwingine akaja na mnyororo wa pikipiki. Muhidini hakulia. Kilio kiligeuka kitu kingine kabisa, akajikuta yuko mbele ya wote, anayavunja mahindi ya watu kwa kifua, na spana bado ameishika.

Hawakwenda mbali. Katikati ya shamba, sambamba na kibao cha mwendo wa hamsini kinachosimama mwanzo wa mji, palikuwa na mtu amechutama. Koti jeusi la mvua lilimfika magotini, kofia ya koti iko kichwani. Mkono mmoja ulishika simu. Mwingine ulishika kitu cheusi chenye mpini na mdomo.

"Ana bastola!" Ezekia alipiga kelele.

"Subirini, mimi ni..." mtu yule alianza kusema.

Spana ilimalizia maneno yake. Ilimpata kwenye taya, na mfupa ulilia kwa sauti ambayo Muhidini aliisikia hadi begani. Mtu yule alianguka kwa ubavu, wenzake wakamfikia. Mnyororo ukamshukia mgongoni, mti wa uzio ukamvunja mkono aliouinua kujikinga, mateke yakatafuta tumbo. Mtu akipigwa na wengi hapigwi na yeyote. Kila mguu unadhani ni mguu mwingine unaoua. Alijikunja, akakohoa damu, akajaribu kutambaa, na Muhidini akamvuta mguu kumrudisha.

Kile kitu cheusi kilikuwa kimemtoka mkononi. Muhidini alikiokota ili amalizie kazi kwa silaha ya mwenyewe. Hakikuwa bastola. Nyuma kilikuwa na kioo kidogo kinachowaka, na kwenye kioo palikuwa na picha ya lori jeupe limepigwa kwa mbele, namba za usajili zinasomeka vizuri, na juu yake tarakimu mbili: 97. Aliisoma. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba aliisoma. Macho yalisoma lakini mkono haukungoja macho. Alikibamiza kwenye jiwe, akakibamiza tena, hadi kioo kikatawanyika na ile picha ikazimika, kisha akamrudia mtu wake.

Alikuwa ameinua spana juu ya kichwa pale koti la mvua lilipofunguka. Ndani yake mlikuwa na sare nyeupe. Nyeupe ya trafiki, na kifuani ilishaanza kuwa nyekundu.

"Trafiki!" mtu alinong'ona. "Jamani, huyu ni trafiki!"

Walitawanyika mithili ya kuku walioona kicheche. Ezekia, mkubwa wao, ndiye aliyekimbia kuliko wote.

Sasa nieleze, maana wengine hawajawahi kusimamishwa barabarani. Trafiki wana kifaa cha kupimia mwendo wa magari. Sisi tunakiita tochi, ingawa hakimuliki kitu. Ukikielekeza kwenye gari kinapiga picha na kuandika mwendo wake. Askari mmoja hukaa na tochi kabla ya mji, picha anaituma kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, na dereva akifika huko anaonyeshwa dhambi yake akiwa bado anajiandaa kuikana. Wanasheria hawaishi kubishana kama askari anaruhusiwa kujificha vichakani. Madereva nao hubishana, lakini wao hubishana na kila kitu.

Koplo Sifaeli alijificha. Alivaa koti juu ya sare kwa sababu trafiki anayeonekana haoni kosa. Gari zote humpita taratibu kama zinakwenda msibani. Alilipiga picha lile lori, akachutama kuituma kwa mwenzake, na wakati anabonyeza simu yake, mita mia mbili mbele Zuena alikuwa anakufa. Dereva mwenyewe, Marcelino, mwenyeji wa Iringa, hakuwa hata karibu na mahali pale. Alipenya shamba upande mwingine, akatokea kwenye njia ya Ubaruku, akapanda bodaboda, akajisalimisha polisi. Alisema alikimbia kuokoa roho yake. Kwa hilo hata mimi siwezi kumlaumu.

Watu wa Igawa hawakuishia kumvunja shahidi. Polisi walipofika na kanda ya kupimia, hawakukuta cha kupima. Kinamama walikuwa wameshamwaga mchanga juu ya damu ya Zuena na kufagia kwa matawi, kwa sababu damu ya mtu haiachwi wazi ikakanyagwa na kulambwa na mbwa. Ni heshima, nani atawakemea? Vijana nao walikuwa wamelisukuma lori kando ili wautoe mwili. Alama za breki zilikwenda na mchanga. Palipotakiwa kuwa na mchoro wa ajali palikuwa na barabara safi iliyofagiliwa vizuri.

Muhidini alimzika mkewe kesho yake. Alishuka kaburini mwenyewe kumpokea, kwa mikono ileile, na chini ya kucha bado kulikuwa na weusi ambao sabuni haikuutoa. Waombolezaji walimwambia asubiri, Mungu ni mwenye haki. Alisubiri. Alitaka jambo moja tu duniani, dereva yule afungwe kwa kumuua Zuena, na aliamini serikali ina mashine, ina picha, haitashindwa.

Wahenga walisema hasira hasara. Lakini wahenga hawakuwahi kuiona khanga ya mke kwenye bampa.

Kesi ilisikilizwa miezi kadhaa baadaye, katika mahakama ya Rujewa. Marcelino alishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo, akakana. Wakili wake, Edmund, alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, na kwa sauti hiyo alivunja mashahidi mmoja baada ya mwingine.

"Lori lilikuwa mbio sana," alisema muuza ndizi.

"Mbio kiasi gani, mama?"

"Mbio sana, baba. Lilikuwa linaruka."

"Kwa hiyo halikukanyaga chini?" Watu wakacheka. Muuza ndizi akashuka kizimbani akiwa ameinamisha kichwa.

Akaja askari aliyetumiwa picha. Edmund alimpa salamu ya heshima kabla ya kumchinja.

"Wewe ndiye uliyeipiga picha hii, afande?"

"Hapana, nilitumiwa na Koplo Sifaeli."

"Koplo ataiambia mahakama kwamba aliipiga siku hiyo?"

"Koplo aliumizwa kichwa. Siku ile haikumbuki."

"Pole yake. Lori la mteja wangu hupita Igawa kila wiki. Tutajuaje kwamba picha hii ni ya siku ile?"

"Tarehe imeandikwa juu yake."

"Imeandikwa na nani?"

"Na kifaa."

"Kifaa kiko wapi tukiangalie saa yake?"

"Kilivunjwa."

"Kilivunjwa," Edmund alirudia taratibu, akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, napinga picha hii kupokelewa. Aliyeipiga hakumbuki, kilichoipiga hakipo, na aliyeipokea hakuwapo."

Kisha akaongeza lile lililomfanya Muhidini aushike ukingo wa benchi hadi mbao ikamchoma. Alisema marehemu alikuwa na sufuria kichwani, hakutazama kulia wala kushoto, akajitosa barabarani. Alisema dereva mwenye mwendo wa halali hana namna ya kumkwepa mtu anayejiua. Hakimu akaahirisha shauri hadi siku ya pili yake.

Anayejiua! Zuena, ambaye hata kuku alimvusha barabara! Muhidini alitoka nje akiwa haoni vizuri.

Kwenye varanda alikuwapo wakili wa serikali, Nasrin, mwanamke wa makamo aliyevaa hijabu nyeusi, anafunga faili zake kwa hasira. Aliwapa pole ndugu wa marehemu, akawaambia ukweli bila sukari.

"Kifaa kilikuwa kimepimwa, cheti ninacho. Ninachokosa ni jicho la mtu. Kama yupo aliyeiona picha ile kwenye tochi yenyewe, siku ile, kabla haijavunjwa, kesi hii inasimama. Lakini aliyeiona ndiye aliyeivunja, na huyo hawezi kuja."

"Na asipokuja?" Muhidini aliuliza.

"Mshtakiwa anaweza kuonekana mzembe kidogo, akatozwa faini, akaenda zake. Au asitozwe kabisa."

Mtu mmoja alikuwa ameketi peke yake mwisho wa varanda, mkongojo umelala mapajani. Taya lake lilikuwa limeungwa vibaya, mdomo umevutika upande mmoja, na jicho la kushoto lilikuwa na utando. Alipomwona Muhidini alijikaza, akasimama.

"Wewe ndiye mume wa marehemu?" Koplo Sifaeli aliuliza, maneno yakimtoka kwa shida. "Pole sana na msiba, kaka. Ningekumbuka, wallahi ningesema. Najikamua kichwa, hakuna kitu."

Akampa mkono. Muhidini akaupokea. Ulikuwa ndio ule uliovunjwa na mti wa uzio, kiwiko hakinyooki. Hakuna kofi ambalo lingemuuma kuliko mkono ule.

Igawa ni mji mdogo, na Ezekia alikuwa ameyasikia maneno ya wakili kabla Muhidini hajafika nyumbani. Alimkuta nyuma ya duka, akamkaba shingo, akamsukumiza ukutani hadi bati likalia. Mkono wa pili ulikuwa na kisu.

"Oya, nasikia wanatafuta jicho," alisema. "Lako au la nani?"

"Niachie, Ezekia."

"Mimi nina watoto, Muhidini. Unajua kumpiga askari hivyo ni miaka mingapi? Ukifungua mdomo tunakuzika pembeni ya mkeo. Na duka tunalitia kiberiti."

Ncha ya kisu iliingia chini ya sikio, damu ikamtiririka shingoni hadi kwenye kola. Muhidini hakujitetea. Alikuwa na nguvu za kumwangusha, na spana ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale alipo, akaitazama. Mikono yake ilitaka. Ilijua kazi hiyo sasa, na kujua huko kulimwogopesha kuliko kisu.

"Sitakutaja," alisema.

"Apa."

"Nimesema sitakutaja. Nenda nyumbani kwa watoto wako."

Ezekia alimpiga kichwa cha pua kwa ajili ya kumbukumbu, akaondoka.

Asubuhi Muhidini alifika mahakamani pua imevimba, akamwendea Nasrin moja kwa moja.

"Mimi niliiona," alisema.

Nasrin alitazama pua, alitazama jeraha la chini ya sikio, kisha akatazama mikono. "Uliionaje?" Alipoona Muhidini anafungua mdomo akamzuia upesi. "Usiniambie hapa. Baba, nikikupandisha pale, yule wakili hatakuacha mzima. Nenda ukanywe chai, ufikiri."

"Nimefikiri tangu nilipomzika. Niite."

Hakimu alimwonya kabla ya yote. Alimwambia kwamba shahidi halazimiki kujibu swali ambalo jibu lake litamtia yeye mwenyewe hatiani. Muhidini alisema ameelewa. Akaapa, akaeleza: siku ile, muda uleule mke wake akiwa bado yuko chini ya tairi, aliona kwenye kioo cha tochi picha ya lori jeupe, na akazitaja namba za usajili bila kusoma popote, na mwendo tisini na saba. Nasrin akakaa. Edmund akasimama, mpole kama kawaida.

"Uliiona wapi tochi hiyo, bwana Muhidini?"

"Mkononi mwangu."

"Aa. Na ilifikaje mkononi mwako?"

Muhidini alimtazama Marcelino, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akamtafuta Koplo Sifaeli kati ya watu.

"Nilimpiga aliyekuwa nayo. Kwa spana, ya taya. Nilidhani ndiye dereva. Nikaokota tochi, nikaiona picha, nikaivunja kwenye jiwe. Kisha nikarudi kumpiga tena."

Edmund aliiweka kalamu yake mezani. "Ulikuwa na nani wengine?"

"Nilikuwa na mikono yangu."

"Shahidi, nakuuliza wengine ni akina nani."

"Na mimi nimekujibu, wakili. Wengine wanajijua. Niliyekuja kumsema hapa ni mimi, na lori lile. Mke wangu hakujiua. Lilikuwa tisini na saba. Niliisoma mwenyewe."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Picha ikapokelewa. Askari wawili walikuwa wameshasogea mlangoni, na Muhidini aliposhuka kizimbani hawakuwa na haja ya kumwita. Aliwafuata mwenyewe, akanyoosha mikono.

Kwenye varanda Koplo Sifaeli alimkatia njia. Alikuja mkongojo ukigonga sakafu.

"Nilikupa pole," alisema kwa ule mdomo uliopinda. "Jana. Nilikupa pole mimi!"

Mkongojo ulipanda ukashuka. Pigo la kwanza lilimpata Muhidini begani, la pili likampasua nyusi, la tatu likampigisha magoti chini. Askari waliomshika walitazama pembeni, kwenye maua. Muhidini hakuinua mkono kujikinga, si kwa ushujaa, bali kwa kuona kwamba kila pigo lilikuwa na anwani yake. Sifaeli alipiga hadi pumzi ikamwishia, akaketi chini hapohapo karibu naye, akalia kwa sauti ya mtoto. Walikaa hivyo wawili sakafuni, mmoja anavuja damu na mwingine machozi, hadi watu wakawainua.

Siku ya hukumu Muhidini aliletwa Rujewa kutoka rumande ya Mbeya, kwa kuwa shauri lake mwenyewe lilitajwa siku hiyo. Alisimama nyuma, pingu mikononi, akasikia Marcelino akihukumiwa kwenda jela. Hakimu alisema mwendo ule ndani ya mji si bahati mbaya, ni uamuzi wa mtu. Alisema pia kwamba marehemu alikuwa mahali ambapo sheria inamruhusu kuwa. Muhidini aliyashika maneno hayo ya mwisho, akayarudia kimoyomoyo, mahali ambapo sheria inamruhusu kuwa. Alikuwa amepata alichokitaka. Alingoja furaha ije, haikuja.

Jioni waliwapakia kwenye gari moja kuwarudisha Mbeya. Pingu hazikutosha, askari akawafunga wawiliwawili bila kuangalia majina: mkono wa kulia wa Muhidini, mkono wa kushoto wa Marcelino. Wakaketi kwenye benchi la chuma, bega kwa bega, na gari likaondoka.

Ndiye huyu sasa. Miezi yote ile alikuwa amemwota, amempiga ndotoni kwa kila chuma kilichomo dukani. Alikuwa na harufu ya jasho na sabuni ya mche, kijana kuliko alivyodhani, ndevu hazijakaza. Shingo yake ilikuwa hapo, karibu. Muhidini akakunja ngumi ya kulia, akauinua mkono ampige, na mkono wa Marcelino ukapanda nao. Ukaning'inia hewani kando ya ngumi, umelegea, kama wa mtu anayeomba ruhusa darasani. Marcelino hakujaribu kuuvuta. Aliitazama ile ngumi, akamtazama mwenye ngumi.

"Yule trafiki," alisema polepole. "Ni kweli ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani ni wewe."

Gari liliruka kwenye shimo, mnyororo ukawauma wote wawili kwenye vifundo.

"Basi lile taya ni langu," alisema. "Na lile jicho."

"Ni lako," Muhidini alijibu. "Vyote ni vyako."

Akaushusha mkono. Wa Marcelino ukashuka nao, mikono yote miwili ikatua pamoja juu ya benchi, ikakaa hapo hadi Mbeya.